Habu au doki ya USB-C? Anza na tundu la laptopu yako

Watu wengi wakienda kununua habu ya USB-C huhesabu matundu. Hii ina saba, ile ina kumi na moja, basi ile ndiyo bora. Wakifika nyumbani HDMI haitoi picha, laptopu inalalamika kuwa chaja ni dhaifu, na diski ya nje inajitoa yenyewe kazi ikiwa katikati. Mara nyingi habu ni nzima na muuzaji hakudanganya. Kilichorukwa ni swali la kwanza kabisa: hilo tundu la USB-C lililo ubavuni mwa laptopu yako linaweza kufanya nini? Jibu lake ndilo linaloamua kama uchukue habu, uchukue doki, au uziache hela zako mfukoni kwanza.

Tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Habu ni kile kidude chepesi chenye waya mfupi, kinachotumia umeme wa laptopu, unakitia kwenye begi unaondoka nacho. Doki ni boksi la kukaa mezani, lina adapta yake ya ukutani, na linaichaji laptopu kwa waya uleule unaopitisha picha na data. Zote mbili huchomekwa kwenye tundu la umbo moja.

Mifano yangu mingi ni ya laptopu zinazouzwa kwa wingi kwetu zikiwa zimeshatumika nje: HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, na MacBook Air yenye chipu ya M1. Hizo tatu za mwanzo ni za mwaka 2018 na ya mwisho ni ya 2020. Matangazo ya habu yameandikwa kwa ajili ya mashine mpya, na hapo ndipo mwenye mashine ya 2018 anapolipia uwezo asioweza kuutumia.

Umbo moja, uwezo tofauti

USB-C ilitoka mwaka 2014 ikiwa na pini 24. Umbo lake halisemi lolote kuhusu uwezo wake. Mtengenezaji wa laptopu anaweza kuliunganisha tundu hilo lipitishe data tu. Anaweza kuongeza kuchaji, akaongeza na picha, au akaweka vyote hivyo pamoja na Thunderbolt, ambayo ni njia ya kasi kubwa ya kupitisha data na picha. Ukitazama kwa nje huoni tofauti, isipokuwa kwenye vialama vidogo vilivyo pembeni.

Chukua tochi ya simu, mulika. Alama ya radi yenye ncha ya mshale ni Thunderbolt. Thunderbolt 3 na 4 hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Alama ya herufi D na P zilizoshikana ni DisplayPort, yaani picha inatoka. Alama ya plagi kwa kawaida inaonyesha kuwa tundu linapokea chaji. Ukikuta herufi SS peke yake, hesabu kuwa ni data tu mpaka uthibitishe vinginevyo. Usipoona alama yoyote, soma namba kamili ya modeli chini ya laptopu kisha utafute vipimo vyake, kwa sababu hata laptopu za jina moja hutofautiana. Latitude 7490 ni mfano mzuri: Thunderbolt ilikuwa ya hiari wakati wa kuagiza, kwa hiyo mbili zilizokaa kwenye rafu moja zinaweza kuwa na uwezo tofauti. EliteBook 840 G5 ina tundu moja la USB-C, nalo ni Thunderbolt 3. ThinkPad T480 ina mawili na moja kati yake ndilo la Thunderbolt 3.

Laptopu nyingi mpya za bei ya chini zina USB-C ya data tu. Mwenye mashine ya namna hiyo akinunua habu yenye HDMI, ile HDMI haitawaka kamwe, hata akibadilisha kebo kumi. Kama mashine yako ina tundu lake la HDMI ubavuni, litumie hilo, kisha nunua habu ya USB ya kawaida isiyo na HDMI. Ni rahisi zaidi na itakufaa vilevile.

Monita: hapa ndipo pesa inapopotelea

Kwenye boksi la habu imeandikwa 4K 60Hz, yaani picha ya nukta 3840 kwa 2160 inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde. Umenunua, umechomeka kwenye ThinkPad T480, umewasha monita ya 4K, na kishale cha mausi kinasogea kwa kurukaruka kama vile mashine imeelemewa. Ukifungua mipangilio ya skrini kwenye Windows unakuta 30 Hz. Umetapeliwa? Hapana.

Sababu ni hii. Ndani ya USB-C kuna njia nne za kasi. Habu ya kawaida huzigawa: mbili zinabeba picha, mbili zinabeba data ya USB 3. Laptopu za Intel kizazi cha nane, yaani hizo za 2018, hutoa picha kwa DisplayPort 1.2, na njia mbili za namna hiyo hubeba takriban gigabiti 8.6 kwa sekunde. Picha ya 4K kwa 60 Hz inahitaji gigabiti 12 na ushei. Haipiti, kwa hiyo laptopu inashuka hadi 30 Hz. Kwenye mashine zenye DisplayPort 1.4, kama za Intel kizazi cha 11 na kuendelea au MacBook za M1, njia mbili hubeba karibu gigabiti 13, na picha ileile inapita ikiwa imebanana. Habu moja, monita moja, matokeo mawili.

Kwa hiyo mwenye laptopu ya kizazi cha nane na monita ya kawaida ya 1920 kwa 1080 asilipe hata shilingi ya ziada kwa ajili ya 4K 60Hz. Picha ya 1080 inapita kwa 60 Hz bila shida kwenye habu yoyote ya maana, na ya 2560 kwa 1440 inapita pia. Ukiwa tayari una monita ya 4K na laptopu ya umri huo, chaguo lenye maana ni doki ya Thunderbolt, kwa sharti kwamba tundu lako lina alama ya radi. Hiyo haigawi njia kwa mtindo wa habu, na kwenye T480 itatoa 4K kwa 60 Hz.

Na ukiwa na mashine mpya, bado angalia upande wa habu. Zipo nyingi sana zenye HDMI ya toleo la 1.4, ambayo mwisho wake kwa 4K ni 30 Hz. Inayofika 60 ni HDMI 2.0. Boksi likisema 4K bila kutaja Hz, chukulia ni 30. Kusoma barua pepe utavumilia. Kuandika au kupanga hesabu saa nane kwa siku, macho yatachoka.

Monita mbili ndizo zinazotenganisha habu na doki. Doki za ofisini kama Dell WD19S hugawa picha ya waya mmoja kwenda kwenye monita kadhaa kwa njia inayoitwa MST. Windows inaielewa vizuri. Hata laptopu ya kizazi cha nane inaweza kuendesha monita mbili za 1080 kwa 60 Hz kupitia doki ya aina hiyo, waya mmoja tu ukiwa umeingia kwenye laptopu. Kwa mhasibu mwenye leja upande huu na benki upande ule, hapo kazi inabadilika kabisa.

Mwenye MacBook asome kwa makini zaidi. macOS haitandazi picha kwa MST: ukichomeka doki au habu yenye HDMI mbili, monita zote mbili zitaonyesha kitu kilekile. Juu ya hapo, MacBook Air za M1 na M2 zinakubali monita moja tu ya nje, iwe 4K au iwe ndogo. Ya M3 inakubali mbili ukiwa umeifunga, na ya M4 inakubali mbili ikiwa wazi. Hakuna doki ya kawaida inayoweza kulibadilisha hilo, hata ikiwa ya bei mbaya namna gani.

Upo mlango wa pembeni, DisplayLink. Hapa picha hukandamizwa na prosesa ya laptopu kwa msaada wa draiva, ikasafiri kama data ya kawaida ya USB, kisha chipu iliyo ndani ya doki huifungua. Dell D6000 ni doki ya aina hiyo. Uzuri wake ni kwamba haihitaji USB-C yenye uwezo wa picha, na inaweza kuipa MacBook Air ya M1 monita ya pili. Ubaya wake ni kwamba prosesa inafanya kazi ya ziada, michezo na uhariri wa video haviendi vizuri, na kwenye Mac lazima uruhusu programu yake irekodi skrini, ambapo filamu zenye ulinzi wa hakimiliki huonekana nyeusi. Kwa Excel, barua na kuandika programu, DisplayLink inatosha kabisa, na ningeipendekeza bila wasiwasi kwa mwenye M1 anayetaka monita mbili. Kwa mhariri wa video, hapana.

Umeme, na hasa ukikatika

Ulinganisho mwingi wa habu na doki umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo jambo hili hulioni humo. Kwetu lina uzito kuliko idadi ya matundu.

Tuanze na kuchaji. Habu zinazopitisha chaji hujiwekea sehemu ya wati kwa matumizi yake na ya vitu vilivyochomekwa. Anker 555, kwa mfano, inapokea chaja ya hadi wati 100 na kuipa laptopu hadi wati 85. Sasa chukua chaja ndogo ya wati 45 iliyokuja na laptopu, ipitishe kwenye habu inayojikatia wati 15: laptopu inabaki na 30. EliteBook itaonyesha ujumbe kwamba chaja ni ndogo, itachaji polepole, na ukiibana na kazi nzito betri itapungua huku ukiwa umechomeka. Ukitaka kuchaji kupitia habu, tafuta chaja ya wati 65 kwa laptopu za ofisini, au 100 kama mashine ni kubwa. Angalia na kebo: USB-C ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Kuvuka hapo lazima iwe kebo ya ampea 5, yenye chipu ndani yake ya kujitambulisha. Kebo ya simu haitoshi hata kama inaingia.

Doki haina hesabu hizo, kwa kuwa ina adapta yake. WD19S yenye adapta ya wati 180 huzipa laptopu za Dell hadi wati 130 na za kampuni nyingine hadi 90. HP USB-C Dock G5 hutoa hadi 100. Chaja yako inabaki kwenye begi, na meza inakuwa na waya mmoja.

Sasa umeme unakatika. Una doki, na unanakili picha za harusi ya mteja kwenda kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye doki. Laptopu inahamia kwenye betri kimya kimya, kama ilivyotakiwa. Doki imezimika papo hapo, na diski imezimika nayo wakati faili lilikuwa linaandikwa. Faili hilo limeharibika, na ukiwa na bahati mbaya mfumo wa diski yenyewe unaomba kurekebishwa. Hiyo ni tabia ya doki yoyote inayotegemea ukuta, ya bei yoyote.

Ungedhani habu inaepuka jambo hili kwa kuwa inatumia umeme wa laptopu. Inaepuka ikiwa chaja haijapita ndani yake. Ikiwa imepita, umeme unapokatika habu inalazimika kugeuka ghafla: ilikuwa inapokea umeme kutoka kwenye chaja, sasa inatakiwa ipokee kutoka kwenye laptopu. Habu nyingi za bei ya chini hupoteza kila kitu kwa sekunde moja au mbili wakati wa kugeuka. Monita inapepesa, intaneti ya waya inakatika, diski inajitoa. Kiwango cha USB cha kuchaji kina utaratibu wa kugeuza umeme haraka bila kukatiza, lakini si kila habu imewekewa. Na umeme ukirudi, mgeuko unatokea tena upande wa pili.

Dawa yake haina gharama: usipitishe chaja kwenye habu kama unaweza kuepuka. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 zina tundu la chaja ya pini ya duara. Ichaji kwa hilo, habu iachie USB-C peke yake, na umeme ukikatika mara tano kwa siku diski yako haitajua. T480 na MacBook Air zina USB-C mbili: moja chaja, moja habu. Ushauri huu una thamani kuliko kubadilisha chapa ya habu.

Kwa upande wa doki, dawa ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika. Ndogo ya VA 650 inatosha kuishikilia doki, monita moja na ruta kwa muda wa kumaliza kunakili na kuhifadhi kazi. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Mtu anayesema doki ni ghali huwa hajahesabu UPS bado, na anayefanya kazi za wateja kwenye diski ya nje hana budi kuihesabu. Usipoipata mara moja, chomeka diski kwenye laptopu moja kwa moja, doki ibaki na monita, kibodi na mausi.

Volti zisikutie hofu. Adapta za doki za ofisini kwa kawaida zimeandikwa 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani inafanya kazi kwetu ukibadilisha waya wa ukutani. Soma tu maandishi mgongoni kabla ya kuchomeka.

Data, waya wa intaneti na Wi-Fi

Habu nyingi hutoa gigabiti 5 kwa sekunde, nzuri zaidi hutoa 10, na kasi hiyo hugawanywa kwa vyote vilivyochomekwa. Kwa flashi, kibodi na diski ya kuzunguka, 5 inatosha. SSD ya nje ya kasi ichomeke kwenye laptopu. Tatizo la kweli ni habu zenye matundu ya rangi ya bluu, yaani yanayodai USB 3, ambazo ndani ni USB 2.0. Hizo hukwama kwenye megabaiti 40 hivi kwa sekunde.

Tundu la LAN nalo husemwa lipo tu, bila kasi. Kuna za megabiti 100 na kuna za 1000. Kama intaneti yako ya nyumbani haivuki 100, hutaona tofauti. Ukihamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta za ofisi, utaona sana.

Kisha kuna hili linalowapoteza wengi: ukichomeka diski kwenye habu, Wi-Fi inakuwa nzito na mausi isiyo na waya inakwama. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na hayo ndiyo masafa ya ruta nyingi na mausi nyingi. Habu iliyokaa kando ya laptopu, hasa ya kinga hafifu, inaziba masikio ya Wi-Fi. Hamishia Wi-Fi kwenye 5 GHz, na kipokezi cha mausi kichomeke upande wa pili wa laptopu. Doki, kwa kuwa inakaa mbali kidogo, haisumbui sana.

Kwa mtazamo mmoja

| Jambo | Habu | Doki |
|---|---|---|
| Monita moja ya 1080 | Inatosha | Inazidi mahitaji |
| Monita mbili, Windows | Chache, na kwa mipaka | Hapa ndipo mahali pake |
| Monita mbili, MacBook Air M1 au M2 | Haiwezekani | DisplayLink pekee |
| Kuchaji | Chaja yako, ikipungua wati | Adapta yake yenyewe |
| Umeme ukikatika | Salama kama chaja haijapita humo | Inazimika bila UPS |
| Kuhama nayo | Mfukoni | Inabaki mezani |

Doki za mtumba

Kwa mwenye Windows na meza ya kudumu, naamini doki ya ofisini iliyotumika ndiyo ununuzi wenye faida kubwa kuliko yote niliyoyataja. Kampuni za nje hubadilisha vifaa kwa mkupuo, na doki zake huja sokoni kwa sehemu ndogo ya bei ya awali. Zimetengenezwa zikae zikiwaka siku nzima, jambo ambalo habu ya bati inayopata moto mezani haikutengenezewa. WD19S ina faida moja zaidi ninayoipenda: waya wake, ambao ndio huharibika kwanza, unafungwa kwa skrubu na unaweza kubadilishwa. Habu nyingi zina waya usiotoka, mfupi wa sentimita 15 hivi. Ukiiweka laptopu kwenye stendi, habu inaning'inia, na shingo ya waya ndiyo inayobeba uzito wote. Siku ikikatika, habu nzima imekwisha.

Mitego ipo. Doki inayouzwa bila adapta yake iache, kwa kuwa adapta ya wati 180 peke yake inaweza kukugharimu karibu sawa na doki. Doki za zamani za kubonyeza ubavuni au chini ya laptopu, zile za ThinkPad na HP za miaka ya nyuma, zinaingia kwenye modeli maalumu tu. Haidhuru muuzaji anaapa vipi, pima kwanza. Na baadhi ya doki za mwanzo za Thunderbolt 3 hazifanyi kazi kabisa kwenye USB-C isiyo na Thunderbolt, hata picha haitoki. Doki ya USB-C ya kawaida ni salama zaidi kwa asiye na uhakika.

Doki mpya za Thunderbolt ni habari nyingine. CalDigit TS4 ilitoka mwaka 2022 ikiwa na matundu 18 na uwezo wa kuchaji wati 98, kwa zaidi ya dola 350 za Marekani. Ni kifaa kizuri sana. Kwa mhariri wa video mwenye MacBook Pro, SSD kadhaa na kazi za kila siku zinazolipa, inajirudishia. Kwa wengine wote, pesa hiyo ni monita nzuri, habu na UPS, na chenji inabaki.

Mimi ningechukua ipi

Mwalimu, mhubiri au mtoa mada anayezunguka na projekta achukue habu ndogo kabisa yenye HDMI na USB mbili. Akague kwanza kumbi anazokwenda, maana projekta nyingi za vyuo na kumbi bado ni za VGA, lile tundu la picha la zamani, na habu yenye VGA na HDMI pamoja itamwokoa na kutafuta adapta huku watu wamekaa. Mambo ya 4K asiyalipie.

Mwanafunzi mwenye EliteBook au Latitude na monita moja: habu ya kawaida yenye HDMI, kasi ya gigabiti 5, chaja ikiingia kwenye tundu lake la duara. Inaniuma ninapoona mwanafunzi ameshauriwa anunue habu ya matundu kumi na moja, akatumia matatu, na hela ya kuongeza RAM imekwisha.

Mhasibu, mwandishi wa programu au mtu wa dawati la huduma kwa wateja mwenye monita mbili na Windows: doki ya mtumba yenye adapta yake, pamoja na UPS. Hapa sioni ubishi.

Mwenye MacBook Air ya M1 au M2: habu nzuri yenye HDMI 2.0 na monita moja ya 4K, chaja kwenye tundu lingine. Monita moja kubwa yenye picha safi itamfurahisha kuliko mbili za kuhangaika na draiva. Akishikilia mbili, DisplayLink.

Mpiga picha na mhariri wa video mwenye mashine yenye alama ya radi anaweza kufikiria doki ya Thunderbolt, ila diski ya kazi ya mteja iende kwenye laptopu moja kwa moja mpaka UPS ipatikane.

Dukani

Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na laptopu yako, chaja yako na SSD au flashi ya kasi. Omba monita yoyote iliyopo. Ikishawaka, fungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya mipangilio ya kina ya onyesho (Advanced display), usome Hz. Nakili faili la gigabaiti moja kwenda kwenye SSD: likichukua nusu dakika, hayo matundu ya bluu ni ya rangi tu, likichukua sekunde chache, ni USB 3 kweli. Kama duka lina ruta, chomeka LAN uone kama kasi ya muunganisho inasoma 1000 au 100. Kisha, kama unakusudia kuchaji kupitia habu, chomoa chaja ukutani faili likiwa bado linanakiliwa. Habu ikivumilia hapo, itavumilia na nyumbani. Ikikatika, bado unaweza kuichukua kwa bei ya chini ukijua kwamba chaja haitapita humo.

Kabla ya kulipa, risiti iandikwe modeli kamili ya kifaa na muda wa kukirudisha. Iliyoandikwa "USB hub" tu haitakusaidia ukirudi wiki ijayo kudai nyingine.